Fundi Magodoro Aliyetufundisha Kuanguka

"Dada, samahani kukusumbua kazini. Mimi ni binti wa Mwalimu, nipo Kondoa. Baba amekataa kusimama."

Nilikuwa masjala, pale Mtumba, nimepakata mafaili mpaka kidevuni na simu nimeibana kwa bega. Nikamwomba arudie. Akarudia, na safari hii sauti ikamkatika. Kwamba Mwalimu, aliyetufundisha judo, alianguka kutoka kwenye stuli akifunga chandarua na kuvunjika nyonga ya kushoto, hilo nililijua. Nilikwenda kumwona hospitali baada ya upasuaji, akanitania kwamba sasa ana vyuma vingi kuliko reli ya Ihumwa. Nisilolijua ni kwamba tangu binti yake amchukue kwenda kumuuguza Kondoa, alikuwa amelala amegeukia ukuta, wiki ya tano hiyo. Fremu aliyopewa ya kutembelea imegeuzwa pa kuanikia taulo. Daktari alikwishasema mfupa umeshika na mguu ukanyagiwe, na akasema pia kwamba mzee akiendelea kulala hivyo mwezi mwingine misuli itakwisha, na kutembea tena tusahau.

"Kaka zangu wamesema naye wamechoka. Imamu amekuja. Wote anawajibu neno moja: niacheni nipumzike."

"Apumzike?" nilisema kwa sauti iliyowafanya wenzangu wote wageuke. "Yeye?"

Nilikasirika, sifichi. Mtu aliyenitoa mimi kitandani kwa ukali wake, leo ndiye wa kugeukia ukuta! Niliomba ruhusa ya Ijumaa, nikapewa. Siku zile mbili za kungoja nilizitumia kukumbuka kila alichowahi kutuambia, maana maneno yangu mwenyewe nilijua hayatafua dafu kwake. Ilibidi nimwendee na ya kwake.

Kwa umbo, usingemdhania mwalimu wa judo hata ungelipwa. Alikuwa mfupi, ana kitambi, kofia ya kushonwa kwa mkono na miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Kazi yake ilikuwa kushona magodoro. Kutwa alikaa kwenye karakana yake Ihumwa, upande wa relini, ana sindano ndefu kama kijiti cha mshikaki, anachoma, anavuta, anachoma, anavuta. Ikishaswaliwa alasiri, magodoro ya wateja yaliegemezwa ukutani, sakafu ikafagiwa, na tukalitandaza lile godoro kubwa la mazoezi alilolishona mwenyewe: turubai juu, na ndani makapi ya alizeti anayoyaomba kwa watu wenye mashine za kukamua mafuta. Ukiangukia pale ulinuka mafuta ya kula mpaka nyumbani. Mama mwenye nyumba wangu alidhani nina kibanda cha chipsi mahali na namficha.

Hakutuita kwa majina. Kila mtu aliitwa kwa kazi yake, kwa hiyo mimi nilikuwa Masjala. Kulikuwa na Muuguzi, mwenzangu wa mazoezi, kwa sababu Mwalimu aliwapanga wanawake kwa wanawake na hakuwa na mjadala katika hilo. Kulikuwa na Bodaboda. Siku moja akaja mkurugenzi kutoka wizara moja, na dereva wake, akasimama mlangoni akijitambulisha kwa cheo chote. Mwalimu akamsikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akamkabidhi ufagio. "Karibu sana, Ufagio," akasema. Tuliuma midomo tusicheke. Yule bwana akafagia, akakaa nasi miaka miwili, na mpaka leo akinikuta kwenye korido za wizarani mimi humwamkia kwa jina lake la kiofisi, naye hunikonyeza.

Miezi mitatu ya kwanza hukufundishwa kumwangusha mtu yeyote. Ulifundishwa kuanguka. Kidevu kifuani, ndivyo alivyoanza siku zote. Mgongo uviringe. Mkono mzima, kuanzia kiganja hadi kiwiko, upige godoro kando ya ubavu, paa, wakati uleule mgongo unafika. Pumzi itoke. "Usitangulize mkono ulionyooka," alirudia mpaka tukamchukia. "Unataka kuizuia dunia? Itakuvunja. Na chochote ulichoshika, achia." Bodaboda aliwahi kurushwa na pikipiki yake kwenye kokoto za barabara ya Singida, akaja jioni ile ile amechubuka tu, akatuonyesha alivyoviringika. Mwalimu alimwangalia, akamrekebisha kidevu.

Kitu kimoja hukumsikia akikiuliza: "Umeumia?" Alisema swali hilo linamfundisha mtu kulia. Yeye aliuliza, "Umeangukaje?" Nawe ulilazimika kueleza moja baada ya moja, mguu gani ulitangulia, bega lilifika saa ngapi, macho yalikuwa wapi. Ukimaliza kueleza, machozi yamekwishakauka na yeye amekwishajua pa kukuangalia.

Kabla ya mazoezi tulikaa. Kutafakari yeye alikuita hivyo tu, kukaa. Wageni waliowahi kucheza judo kwingine walikuja wakainama kuelekea ukutani, kama ilivyo desturi ya judo, akawazuia kwa upole: "Kuinama kwangu kuna mwenyewe. Hapa tuweke mkono kifuani, inatosha." Basi tuliweka mkono kifuani, Waislamu na Wakristo, tukakaa kwa dakika kumi tukiyatazama magodoro ya watu, naye akituhesabia pumzi, moja mpaka kumi, halafu moja tena. Vuta kwa pua, toa taratibu, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Mawazo yakija usigombane nayo. Ukijikuta umetoka, rudi kwenye moja, na usijitukane njiani.

Sasa hapo ndipo alipokuwa mjanja. Aliruka namba. "Nne... tano... saba..." kwa sauti ile ile. Aliyekuwa anafuata alitakiwa kusema "sita," naye angejibu neno moja: "Upo." Kukiwa kimya, alinyamaza mpaka tujishtukie. Mwezi wangu wa kwanza sikuwahi kuikamata hata moja. Nilikuwa Muheza kwa mama yangu, nilikuwa ofisini natafuta faili lililopotea, nilikuwa sokoni.

"Umerudi lini, Masjala?"

"Nilikuwa hapa, Mwalimu."

"Hapa ilikuwapo suruali yako."

Nilijisikia vibaya, nikaapa nitamkomesha. Siku niliyoikamata ya kwanza, ilikuwa tatu, nilipiga kelele utadhani nimefunga goli. "Upo," alisema, na mimi nilitabasamu mpaka nikafika kitandani.

Msimfanye malaika, lakini. Mwalimu huyo wa pumzi ndefu alikuwa na mbuzi wa jirani waliokuwa wakivutwa na harufu ya alizeti. Walipochungulia tu mlangoni, utulivu wote ulikwisha. Alirusha kandambili, alirusha mkasi, na mara moja alimfukuza beberu mmoja mpaka karibu na reli, kofia mkononi, akimwita majina ambayo siyaandiki. Akarudi anahema, akakaa, akasema, "Moja." Halafu kulikuwa na chai. Sisi alitukataza soda, yeye akiweka sukari vijiko vitano na kukoroga kwa aibu, mgongo ametupa. Na mtu huyo aliyeshika sindano kutwa aliogopa sindano ya hospitali kama mtoto. "Hii yangu naijua inakokwenda," alijitetea.

Kubwa zaidi ni bega. Sisi tukiteguka hata kidole alitusukumiza hospitali. Ole wako akusikie umepelekwa kwa mtu wa kuchua na kuvuta. Yeye bega lake la kulia lilimsumbua miaka, na tulimwona akinyanyua mkono kwa kusaidiwa na ule mwingine. Muuguzi alimsema mpaka akachoka. Alijibu kwamba ana magodoro manne ya harusi. Kila mwezi yalikuwa manne, na kila mwezi ya harusi. Hakupenda kuonekana ana kasoro, ndiyo kweli yenyewe, na mimi nilipaswa kuikumbuka mapema kuliko nilivyoikumbuka.

Goti langu lilitokea hivi. Makapi ya alizeti yana tabia yake: watu wakishayakanyaga siku mbili tatu yanakimbilia pembeni, katikati panabaki shimo usiloliona kwa sababu turubai limelifunika. Kwa hiyo kila siku mmoja wetu alikuwa na zamu. Unalipiga godoro fimbo upande wa juu, unaomba msaada wa kuligeuza, unalipiga na wa chini, mpaka lisawazike. Siku ya zamu yangu nilichelewa kutoka kazini, kikao kilirefuka. Nikafika mbio, nikalipiga upande mmoja fasta fasta, sikuligeuza. Nani atajua? Baada ya nusu saa nilizunguka ili nimtupe Muuguzi, mguu wangu wa kushoto ukazama kwenye shimo langu mwenyewe, mwili ukaenda, goti likabaki. Nilisikia kitu kikilia ndani kama kijiti kinavunjwa.

"Umeangukaje?" aliniuliza.

"Muuguzi alinivuta vibaya," nikasema. Mungu anisamehe. Maskini Muuguzi alianza kuniomba radhi pale pale, nami nikazipokea.

Kano ilikuwa imechanika nusu. Hospitali walisema hakuna haja ya kupasua, kuna haja ya subira na mazoezi ya viungo, na kwamba kurudi kwenye judo tutaona. Hilo "tutaona" lilinimaliza. Nikajifungia chumbani siku nne, mguu juu ya mto. Siku ya tano Mwalimu alikuja na mkewe, mama mmoja mpole ambaye sasa ni marehemu, wakasimama mlangoni.

"Siku za kwanza ni za kupumzisha, umefanya vizuri," alisema. "Barafu umeweka? Hujachuliwa? Haya. Uvimbe umeshuka. Kuanzia leo hiyo siyo kupumzika tena, ni kujificha. Alasiri uje."

"Nije kufanya nini na mguu huu, Mwalimu?"

"Aliyeumia ndiye anayehesabu."

Hiyo ilikuwa sheria yake: majeruhi habaki nyumbani. Anakuja, anakaa kwenye benchi, anawahesabia wenzake pumzi, na ni lazima aruke namba. Nyie, jaribuni. Huwezi kujihurumia na kuruka namba kwa makusudi kwa wakati mmoja. Tena alinipa sindano na turubai jipya la kushonea godoro, maana mikono yangu, alisema, haikuteguka.

Mazoezi yenyewe niliyapata kwa mtaalamu wa viungo hospitali, ila wa kunifuatilia alikuwa yeye. Kukaa na kusimama kwenye kiti bila kushika, mara kumi. Kusimama kwa mguu mmoja wakati wa kupiga mswaki. Kwenye ngazi za ofisini, ukipanda tanguliza mguu mzima, ukishuka tanguliza mgonjwa. Alinifundisha kutofautisha maumivu: yale ya kuunguza kwenye msuli, endelea, yale ya kuchoma ghafla ndani ya kiungo, acha hapo hapo, usijifanye shujaa. Na goti likivimba kesho yake, basi jana ulizidisha, punguza. Kila siku aliniuliza naweza kufanya mara ngapi. Nikisema ishirini, ananiambia fanya kumi urudi nyumbani. Nilimwona ananichelewesha. Baada ya miezi mitano ndipo nilipoelewa kwamba sikuwahi kurudi nyuma hata siku moja.

Siku ya kwanza ya kukunja goti nikiwa nimesimama nilimnyooshea mkono anishike. Hakuushika. Alisogea akasimama hatua moja kushoto kwangu.

"Sikushiki," alisema. "Nasimama utakapoangukia."

Nilikunja, nikanyooka. Sikuanguka. Lakini mpaka leo nikipita mahali penye utelezi, natazama kushoto.

Nilirudi kwenye godoro baada ya miezi tisa. Uongo wangu sikuuungama. Kwanza niliogopa, halafu muda ukapita, na ni miaka mitano sasa.

Basi Ijumaa hiyo nilipanda basi la Kondoa. Tulipita Makutupora, watu wako kwenye mizabibu wanapogoa, na mimi kifuani najipangia hotuba. Nilifika watu wametoka msikitini. Binti yake alinipokea uani, macho mekundu, akanipeleka chumbani bila maneno mengi.

Alikuwa amekonda. Kofia iko kwenye msumari. Mgongo wake ulikuwa mlangoni na uso ukutani, na ile fremu ina taulo la bluu kama nilivyoambiwa. Hotuba yangu yote ikaniyeyuka.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Masjala." Hakugeuka. "Nani kakuita?"

"Nimekuja kukaa."

Nikavua viatu, nikakaa kwenye mkeka kando ya kitanda, nikiutazama ukuta ule ule anaoutazama yeye. Nikaweka mkono kifuani. Nikaanza. Moja, mbili, tatu, nne, tano, saba. Kimya. Nikaenda mpaka kumi, nikarudi. Nikaruka tatu. Kimya. Binti yake alikuwa amesimama mlangoni, haelewi nafanya nini, na mimi machozi yalikuwa yananitoka bila ruhusa kwa sababu sikuwahi kudhani kwamba mzee huyu angeweza kuwa hayupo. Nikaanza mara ya tatu. Tano, sita, saba, tisa.

"Nane," alisema ukutani, sauti imekwaruza.

"Upo, Mwalimu," nikasema.

Nikaacha pumzi chache zipite, kisha nikamuuliza swali lake.

"Umeangukaje?"

Nje jogoo aliwika, akawika tena.

"Kama gunia," alisema. "Stuli iliyumba, nikakishika chandarua. Sikuachia. Sikuviringa, sikupiga mkono, nimekwenda nacho mpaka chini, kimenizonga kama samaki. Miaka yote ile nawaambia watu achieni! Jirani ndiye aliyenitoa." Akavuta pumzi. "Nitasimama vipi mbele yenu, Masjala? Nikirudi pale, nimfundishe nani?"

Kumbe ni hilo. Si maumivu, si vyuma. Mtu mzima na akili zake alikuwa tayari kupoteza miguu miwili kwa ajili ya aibu ya chandarua! Nilitaka kumgombeza. Badala yake likanitoka lililokuwa limenikaa rohoni.

"Mwalimu, ile siku ya goti langu, Muuguzi hakunivuta vibaya. Ilikuwa zamu yangu. Godoro sikuligeuza."

"Najua."

"Unajua?"

"Mlipokwishaondoka nililigeuza. Upande wa chini haukuwa na alama hata moja ya fimbo. Nilijua siku ile ile."

"Miaka mitano! Mbona hukusema?"

"Nikuseme wakati una goti la kushughulikia?" alisema, na kwa mara ya kwanza alikuwa na ukali wake wa zamani. "Ungeona aibu, usingekuja tena, na mguu ungekufa. Aibu ingengoja. Goti halingojei."

Akajisikia mwenyewe alichokisema. Nami sikuongeza neno, Mungu ananiona, nilijiuma ulimi. Alilala vile kidogo, halafu bega lile bovu likaanza kusogea, akageuka, pole pole, akanitazama. Macho yalikuwa yamelowa na yana hasira.

"Umenitega," alisema.

"Umejitega mwenyewe, Mwalimu."

"Toa taulo kwenye hicho chuma."

Binti yake akakimbia na fremu, akaiweka mbele ya kitanda. Akamkalisha, akamshusha mguu mmoja baada ya mwingine, akamvalisha kandambili. Mwalimu akadai kofia kwanza. Akavaa kofia. Alipoanza kujiinua, binti alimrukia kumshika kiuno.

"Usimshike," nilimwambia. "Simama kulia kwake, mikono iwe tayari tu."

Mimi nikaenda kushoto, upande wa vyuma, hatua moja kutoka kwake. Alinitazama nilipojiweka, akaangalia na miguu yangu kama imekaa sawa. Akashusha pumzi ndefu, kutoa kurefu kuliko kuvuta, akasimama. Mikono ilitetemeka mpaka fremu ikagonga sakafu. Mlangoni palikuwa mbali, kwa mtu wa hali ile palikuwa mbali sana.

"Moja," alisema, akasogeza fremu, akafuatisha mguu mgonjwa, kisha mzima. "Mbili." Jasho lilikuwa likimtiririka chini ya kofia. "Tatu. Nne." Kwenye tano alisimama. Alifumba macho, midomo ikawa myeupe, na mimi nilikunja magoti yangu yote mawili, lile zima na lile alilolitengeneza yeye, tayari kumpokea.

"Saba," alisema.

"Sita!" nikapiga kelele, nalia. "Sita, Mwalimu, sita!"

Akafumbua jicho moja.

"Upo," alisema, na akapiga hatua ya sita.